Kicheko cha Njia ya Nne

Masikio alikuwa na wivu wa miaka thelathini na mbili, na kilichomtia wivu kilikuwa cha sekunde mbili tu. Wengine huonea wivu nyumba, magari, au watoto wa jirani waliofaulu mitihani. Yeye alionea wivu kicheko. Tena kicheko cha mkewe mwenyewe, mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja, aliyemzalia mabinti wawili na kumshonea kila shati alilovaa tangu ndoa. Ukimweleza mtu jambo la namna hiyo atakuona umerukwa na akili, ndiyo maana hakuwahi kumweleza mtu.

Kicheko chenyewe kila mtu alikijua. Kilikuwa ndani ya wimbo uitwao "Mlango wa Tatu", uliopigwa na vijana watano wa nywele za kichaka, suruali za bugaluu na magitaa ya umeme, roki ya kwanza mjini kuimbwa kwa lugha ya nyumbani. Baada ya ubeti wa pili vyombo vyote hunyamaza ghafla. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ndani ya ukimya huo msichana anacheka. Hacheki kwa kelele; kinamtoka tu, kama mtu aliyejizuia ikashindikana. Halafu ngoma inapasuka na wimbo unaendelea. Hakuna aliyekipanga. Mwenye studio alitaka warudie, akaambiwa mkanda umekwisha, akatukana kidogo na kuuacha wimbo ulivyo. Na kile alichotaka kukitupa ndicho kilichouza santuri. Kwenye madansi watu walikuwa wakisimama pale pale, ukumbi mzima, mguu juu, wakimngoja yule msichana acheke ndipo warudi kucheza.

Msichana alikuwa mmoja wa waitikiaji wawili. Miezi kumi baadaye aliolewa na fundi mitambo wa studio hiyo, naye ndiye huyu Masikio. Jina alipewa kwa sababu aliweza kuusikia waya uliolegea ndani ya spika akiwa chumba cha pili. Lakini jambo moja yale masikio yake hayakumwambia: mkewe siku ile alikuwa akimcheka nani.

Hakuona, na hilo ndilo lililomla. Ukimya wa wimbo ulimkuta yuko chini ya meza ya mitambo, ameinama kuziokoa nyaya zake na kikombe cha chai kilichopinduka. Alipoinua kichwa, kicheko kilikuwa kimeshapita, na alichokiona kupitia kioo ni Nyuzi, mpiga gitaa la solo, amewageukia waitikiaji huku meno yote yako nje. Nyuzi alikuwa kijana mzuri, tuseme ukweli. Alikuwa na shingo ndefu na vidole virefu, na akipiga gitaa alifumba macho kama anayekula kitu kitamu. Picha hiyo moja Masikio aliiweka moyoni akaifungia kufuli.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alijikaza akauliza, kwa sauti ya mzaha, mkewe akiwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Hivi siku ile ulikuwa unacheka nini?"

"Si unajua," mkewe alijibu, akatabasamu na kuendelea na uzi wake.

Kwa mtu mwenye amani, jibu hilo halina kitu. Kwa mwenye wivu ni hukumu. Masikio hakuuliza tena. Alichofanya badala yake ni kibaya zaidi, na simulizi hii haitamfichia. Bendi ilipomwita mkewe kurekodi santuri ya pili, alimrekodi nyumbani kwanza, ili kumjaribu. Alivaa vipokea sauti, akasikiliza mpaka mwisho na uso wa kitaalamu, akavivua taratibu. "Sauti imechoka kidogo," alisema. "Koo limeanza kukwaruza." Ilikuwa sauti safi kama maji ya mtungi. Lakini nani angebishana na Masikio juu ya sauti? Mkewe aliguna, akakohoa kidogo kujisikiliza, na wiki iliyofuata akaleta cherehani. Tangu hapo anashona sare za shule, na akiimba huimba chini chini, mashine ikiwa inakimbia.

Sasa basi. Mwaka huu redio ilianzisha kipindi cha Jumamosi cha kukumbuka siku kubwa za muziki. Mtangazaji wake, binti mchangamfu wa sauti nzito, alizisimulia moja baada ya nyingine: siku gitaa la kwanza la umeme lilipoletwa mjini na wazee wakadhani ni pasi; siku bendi ya wanawake peke yao ilipopanda jukwaani, wanaume wakabaki kuwabebea spika; siku umeme ulipokatika uwanjani katikati ya wimbo na watu elfu tano wakaumalizia kwa midomo yao. Wasikilizaji wakaombwa wachague siku iliyowagusa kuliko zote. Wakachagua kicheko.

Masikio alilisikia hilo akiwa karakanani kwake, chumba cha mbele cha nyumba, amekaa katikati ya redio zilizofumuliwa matumbo. Alijisikia vizuri kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha mtangazaji akasema ana mgeni kwenye simu, na mgeni akawa Nyuzi.

"Watu wengi wananiuliza," Nyuzi alisema, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeegemea kitu. "Leo nitasema. Nilimkonyeza. Bendi imenyamaza, mimi sina la kufanya, nikamkonyeza yule dada. Akashindwa kujizuia."

"Jamani," mtangazaji alisema, akicheka. "Konyezo lililoingia kwenye historia."

Masikio alikuwa ameshika kifaa cha kulehemu. Alikiweka chini kabla hajajiunguza. Kutoka chumba cha ndani, ambako redio nyingine ilikuwa wazi, mashine ya mkewe ilisimama kidogo.

"Nyuzi bado mwongo," mkewe alisema kwa sauti ya kufika mbele, na mashine ikaendelea.

Mwingine angeridhika hapo. Masikio aliligeuza neno moja, akaligeuza tena. Bado. Kwa hiyo anajua alivyokuwa zamani. Na mbona hajakasirika? Mbona amesema kama anayemtaja ndugu? Hadi jioni hiyo wivu ulikuwa umemjaa mpaka shingoni, akala chapati mbili badala ya nne.

Jumatatu mtangazaji alikuja mwenyewe na boksi la kadibodi kwapani.

"Habari za kazi, mzee. Nimekuletea mtoto wako."

Ndani ya boksi ulikuwa mkanda wa "Mlango wa Tatu", ule wa asili, mpana kama kidole gumba, uliokutwa kwenye stoo ya redio baada ya studio ya zamani kufungwa. Mjini pote mashine ya kuuchezesha ilikuwa imebaki moja, na ilikuwa ya Masikio. Alitakiwa auhamishie kwenye kompyuta na kuusafisha, ili wimbo upigwe hewani upya kama uliorekodiwa jana.

"Jumamosi tunaupiga," mtangazaji alisema. "Na nyie watatu mtakuwa studio. Wewe, mama, na mzee Nyuzi. Nataka nimkalishe mama katikati. Tukifika kwenye kicheko tunasimamisha, halafu yeye mwenyewe anatuambia mbele ya nchi nzima ilikuwaje."

"Vizuri," Masikio alisema. "Vizuri sana."

Alimsindikiza hadi mlangoni akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Aliporudi ndani alikaa mbele ya lile boksi kama anayekaa mbele ya daktari. Kilichokuwa kinamngoja alikielewa vizuri. Jumamosi, mkewe katikati, Nyuzi ubavuni na nywele zake alizozipaka rangi nyeusi hadi kwenye ngozi, na yule binti anauliza swali ambalo yeye mume ameliogopa miaka thelathini na mbili. Na mkewe si mwongo. Akiulizwa atajibu.

Jumanne saa nne asubuhi, mkewe alipokwenda kupeleka sare shuleni, aliufunga mkanda kwenye mashine.

Mkanda ule ulikuwa na njia nne, kila njia na maikrofoni yake. Ya kwanza ngoma na besi, ya pili gitaa la Nyuzi, ya tatu mwimbaji, ya nne waitikiaji. Zikichezwa pamoja ni wimbo. Ikichezwa moja peke yake unamsikia mwenye njia hiyo kama ambaye wenzake wametoka nje. Siku za studio Masikio alikuwa fundi mdogo. Kuchanganya zile njia ilikuwa kazi ya mwenye studio, na mkanda ulikuwa ukifungiwa. Kwa hiyo hakuwahi kuzisikia moja moja. Sasa angeweza. Na amri ya kwanza ya kazi yake, aliyomfundisha kila fundi aliyepita mikononi mwake, ilikuwa hii: nakili kwanza, ndipo uguse.

Hakunakili. Alikwenda moja kwa moja njia ya nne, kwa sababu ndiko kulikokuwa kunauma.

Zikaja sauti mbili za wasichana, changa, zikiitikia. Akaitambua ya mkewe mara moja. Ukaja ukimya. Halafu kicheko, karibu kabisa, kimejaa, na pumzi yake na kila kitu, kana kwamba ameinama kumchekea sikioni. Alikuwa hajawahi kukisikia hivyo. Kwenye santuri kilikuwa mbali, kimefunikwa na mwangwi. Alirudisha mkanda akasikiliza tena, na mara ya tatu machozi yakamlenga. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi hadi chini ya moyo. Mimi sikuwahi kumchekesha hivi, aliwaza. Katika maisha yangu yote sijawahi kumchekesha hivi. Na alichokipata Nyuzi bure, kwa kufumba jicho moja, amekipata kizuri namna hii.

Mkono ukaenda kwenye kitufe chekundu cha kufuta njia ya nne. Atasema mkanda ulikuwa umeliwa na unyevu. Mikanda ya zamani huliwa, nani atambishia Masikio? Alirudisha mpaka mwanzo wa ukimya, akabonyeza, akahesabu nne, akaachia. Sindano ndogo ya mashine inayopima sauti ililala chini haikuinuka. Kicheko kikawa kimekwenda, na hakuna mashine duniani ya kukirudisha.

Alidhani atajisikia mwepesi. Alijisikia njaa. Akanywa maji, akaendelea na kazi, maana ilikuwa bado ni kazi.

Njia ya kwanza ilikuwa safi. Akaja kwenye ya pili, gitaa la Nyuzi. Alijua kutakuwa na mabaki: watu wakirekodi chumba kimoja, sauti ya huyu huvujia kwenye maikrofoni ya yule, na kicheko lazima kiwe kimepenya hata huku. Hayo mabaki nayo ilibidi ayafute. Alivaa vipokea sauti akaongeza sauti mpaka mwisho, akasubiri.

Gitaa likanyamaza. Kicheko kikaja, kidogo, kizito, kimepoteza makali yake yote. Masikio akasimamisha mkanda. Akakaa. Akaurudisha, akasikiliza tena macho yamefumbwa, na safari hii alisikiliza kama fundi, kazi aliyopaswa kuifanya saa moja iliyopita.

Mtu akicheka amekuelekea, unazisikia herufi za kicheko chake, ule mchanga mchanga wa juu. Akicheka amekupa mgongo, ule mchanga huukuti. Unapata kifua tu. Kwenye maikrofoni ya Nyuzi kulikuwa na kifua tu. Na kwenye njia ya nne, ile aliyoifuta, mchanga wote ulikuwepo, maana mdomo ulikuwa mbele ya maikrofoni. Na maikrofoni ya waitikiaji aliisimika yeye mwenyewe kwa mikono yake, upande wa kioo, ili wasichana wakiielekea wauone mkono wake ukiwapa ishara. Nyuma ya kioo hakukuwa na Nyuzi. Hakukuwa na mtu mwingine ila yeye.

Bado alikuwa anatafuta pa kukimbilia wakati mkanda, alioshindwa kuusimamisha, uliposogea mbele kidogo. Baada ya kicheko, chini kabisa, karibu na spika ya gitaa, sauti ya kiume ikanong'ona.

"Mnacheka nini nyie?"

Halafu ngoma ikapasuka. Kwenye santuri neno hilo lilizama ndani ya ngoma, na hakuna mtu aliyewahi kulisikia. Ilikuwa sauti ya Nyuzi, na ilikuwa sauti ya mtu asiyejua lolote.

Masikio alivua vipokea sauti akaviweka juu ya meza kwa uangalifu mno. Siku nzima na siku iliyofuata alihangaika kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba ya kupanga. Alichukua santuri yao ya ukumbusho akajaribu kukopa kicheko kutoka humo, lakini ilikuwa imechezwa sana, na pale hasa palikuwa pamechakaa, kinakwaruza kama kinatoka kwenye kikaango. Aliazima nyingine kwa jirani, ikawa mbaya zaidi. Alipekua njia ya nne mara ishirini, akitumaini kitufe kilikosea. Hakikukosea, alikuwa fundi mzuri. Njia ya tatu nayo haikumsaidia, mwimbaji alikuwa amefungiwa kibandani peke yake. Mwisho wake, Alhamisi alasiri, akakubali kilichobaki. Alikichukua kile kicheko cha kwenye njia ya Nyuzi, akalikata lile neno la Nyuzi, akakipandisha sauti, akakipachika kwenye ukimya. Hakuna aliyekuwa na kingine cha kumpa.

Ijumaa mkewe aliingia karakanani bila kuitwa, futi ya kupimia ikiwa shingoni na pini mbili kwenye kola ya gauni.

"Hebu nisikie kabla hamjanianika hewani."

Akamsogezea kiti na vipokea sauti.

"Weka kwenye spika. Nywele nimesuka jana."

Wimbo ukaanza, na kwa kweli ulikuwa umetakata. Mkewe alitikisa kichwa taratibu, mguu ukigonga chini kana kwamba unaendesha cherehani. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Vyombo vikanyamaza. Kicheko kikaja. Mguu ukasimama.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Hicho ni kicheko changu?"

"Ndicho."

"Mbona nasikika kama nimekupa mgongo?"

"Mkanda umezeeka, mama watoto. Unyevu."

"Unyevu umenila mimi tu. Ngoma haukuzigusa."

Masikio alizima spika. Alitazama mikono yake, kisha akauliza lile swali, baada ya miaka yote ile, tena kwa sauti ndogo isiyo na mzaha.

"Siku ile ulikuwa unacheka nini?"

"Unaniuliza leo?" mkewe alishangaa. "Si unajua."

"Sijui. Sikuwahi kujua."

Mkewe alimwangalia kwanza akidhani anataniwa. Alipoona si utani, alisimulia.

"Uliinua mkono kuwasimamisha bendi, kiwiko kikakipiga kikombe. Chai yote ikakumwagikia mapajani. Ukatoa macho, huwezi kupiga kelele kwa sababu mkanda unakwenda. Ukazama chini ya meza, baba watoto, ukapotea kabisa. Lakini mkono ukabaki juu. Mkono peke yake, juu ya meza, unatuhesabia kwa vidole. Moja. Mbili. Hauna mwenyewe. Tatu. Mimi nikafika tatu nikashindwa." Alikuwa ameanza kutabasamu. "Nikasema moyoni, mtu anaungua na bado anatuhesabia. Huyu nataka nimjue. Nilidhani unajua. Kwa nini unafikiri nilikuletea chai kesho yake?"

Masikio aliikumbuka chai hiyo. Aliikumbuka hata sahani iliyofunika kikombe. Siku zote alidhani mkewe alimletea kwa kumhurumia.

"Wewe ulidhani nini?" mkewe aliuliza.

Mwanamke aliyeishi na mtu miaka thelathini na moja hahitaji sana kujibiwa. Tabasamu lilimtoka usoni polepole.

"Nyuzi," alisema. "Ulidhani ni Nyuzi. Ndiyo maana binti yetu alipoolewa ukamkataa asije kupiga, ukasema gitaa lake lingewaumiza wageni masikio."  Kuna kitu kilikuwa kinapita kichwani mwake, na Masikio alikiona kinapita na hakuwa na la kukizuia. "Na koo langu?"

"Mama watoto."

"Ulivaa vitu vyako hivi, ukanisikiliza, ukaniambia koo limeanza kukwaruza. Lilikuwa linakwaruza?"

Angeweza kudanganya. Nani angebishana naye?

"Halikuwa linakwaruza," alisema. "Lilikuwa safi."

Mkewe aliishika shingo yake kwa mkono, pale futi ilipoangukia, kama anayejipima. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali apandishe.

"Na kicheko cha mbele kiko wapi? Maana nilikuwa nimeelekea maiki yangu. Hiki si cha kwangu, hiki kimetoka kwenye maiki ya mtu wa nyuma."

Hapo ndipo Masikio alipojua kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wawili wenye masikio.

"Nimekifuta. Jumanne."

"Basi Jumamosi nenda peke yako," mkewe alisema, akainuka. "Kakae na Nyuzi wako. Sasa mko sawa, nyote wawili mmebaki na mgongo wangu."

Aliingia ndani. Baada ya muda cherehani ikaanza, na Masikio alisikiliza mpaka magharibi kama chini ya ule mlio kutakuwa na wimbo. Kulikuwa na mashine tu.

Jumamosi alikwenda peke yake, kwenye shati alilolipiga pasi mwenyewe, kola imekunjamana. Mtangazaji alisikitika kusikia mama hajisikii vizuri. Nyuzi alimkumbatia kama ndugu aliyepotea. Alinukia marashi, na vile vidole virefu sasa vilikuwa vimevimba viungo, havifungi sawasawa. Masikio aliviona, akashangaa kwamba haikumfurahisha.

Wimbo ukapigwa. Vyombo viliponyamaza na kile kicheko kizito kikapita, Nyuzi aliinua kichwa, akaweka mkono kifuani.

"Ndicho hicho hasa," alisema kwenye maikrofoni, na safari hii hakuwa ameegemea kitu chochote. "Kwenye santuri hakikuwa hivi. Hivi ndivyo nilivyokisikia mimi, pale pale nilipokuwa nimesimama. Fundi, umenirudisha."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Masikio kama shukrani hiyo. Hapo mfukoni mwa shati alikuwa na lile neno la Nyuzi alilolikata, limewekwa kwenye kifaa kidogo cha kompyuta. "Mnacheka nini nyie." Angelitoa, Nyuzi angeaibika mbele ya nchi nzima, na konyezo lake lingekufa siku hiyo. Mkono ulifika mfukoni. Ukakishika kile kifaa. Halafu akawaza ni nani hasa aliyeibiwa katika habari hii yote, akaona si yeye, na mkono ukarudi mezani mtupu.

"Na wewe, mzee Masikio," mtangazaji aliuliza, "ulikuwa nyuma ya kioo. Wewe uliona nini?"

"Mimi sikuona kitu. Nilikuwa chini ya meza," Masikio alisema. "Nilijimwagia chai. Mkono niliuacha juu unahesabu, na yule dada aliucheka mkono. Alikuwa ananicheka mimi. Nimelijua hilo jana."

Nyuzi aliushusha mkono kutoka kifuani.

"Na hiki mlichosikia leo si kicheko chake," Masikio aliendelea, polepole, kama anayesoma namba za nyuma ya mashine. "Ni mabaki. Chenyewe kilikuwa kwenye njia ya nne, kizuri ajabu, nami nikakifuta. Hakuna unyevu. Nilikifuta Jumanne saa nne asubuhi, kwa wivu. Na kuna jingine. Zamani nilimwambia koo lake limechoka, akaacha kuimba. Koo lake halikuwahi kuchoka. Nilikuwa namdanganya. Kama kuna mtu hapa mjini aliyewahi kuamini masikio yangu, ajue na hilo."

Studio ikanyamaza. Mtangazaji, ambaye kazi yake ni kutoacha ukimya hewani, alisahau kazi yake. Moja, mbili, tatu, nne. Ukapita muda wote ule ambao kwenye wimbo huwa kuna kicheko, na pale ndani hakuna aliyecheka. Nyumbani, chumba cha ndani, redio ilikuwa wazi karibu na cherehani. Kama huko kuna mtu aliyecheka, au aliyelia, au aliyesafisha koo ajaribu sauti, Masikio hakuweza kujua, kwa sababu redio husema tu, haisikii.